Siku ya Majini: Mwongozo Kamili wa Kuendesha Mashindano ya Mbwa wa Kuleta Windo Kwenye Lambo la Dodoma

Mbwa wengi wanaoogelea vizuri hufeli mashindano ya majini. Jambo hili huwakera wenye mbwa, hasa yule ambaye kila Jumapili anarusha fimbo lamboni na mbwa wake anairudisha bila shida. Lakini mwamuzi hakuja kutazama nani anaogelea. Anataka kuona mbwa aliyeelekezwa upande fulani akienda upande huohuo, akiyakata maji hata pale ambapo kuzunguka kwa miguu kungekuwa rahisi, akichukua kilichoanguka na kukileta mkononi bila kukitafuna. Maji yanapima utii na kumbukumbu. Ukilishika hilo, mengine yote utakayoyapanga siku hiyo yatakaa mahali pake.

Mbwa wanaofaa zaidi kwa kazi hii ni ritriva, yaani mbwa wa kuleta windo: Labrador, Golden na jamaa zao. Asili ya Labrador ni Newfoundland, Kanada, ambako mababu zao walifanya kazi na wavuvi, wakivuta kamba na kuokota samaki waliochomoka nyavuni. Uingereza ilimtambua rasmi kama aina ya mbwa mwaka 1903. Hapa Dodoma wapo wachache wenye damu halisi na wengi waliochanganyika. Usimdharau aliyechanganyika. Koko mwenye hamu ya kubeba vitu mdomoni na anayekutazama usoni unapompigia filimbi anaweza kumwaibisha Labrador aliyenunuliwa kwa bei ya pikipiki.

Kwenye mashindano ya Uingereza na Marekani ndege wa kweli hutumika. Sisi hapa tunatumia dami, yaani kifurushi kinachoelea ambacho mbwa hukichukua badala ya bata. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kuwinda bila leseni, na bata wa lamboni wamo humo. Bunduki nayo usiilete, hata ya kelele tu. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 si ya kuchezea, na mlio mmoja kijijini utaleta watu wengi kuliko mbwa mlionao. Mbao mbili zenye urefu wa mkono, zikigonganishwa kwa nguvu, zinatosha kumwambia mbwa: tazama, kitu kinaanguka.

Kuchagua maji

Miezi mizuri ni kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi Julai. Mvua za Dodoma huanza Desemba na kwisha kati ya Machi na Aprili, kwa hiyo wakati huo malambo yamejaa, maji yametulia na hewa ni ya baridi. Ikifika Oktoba maji yamerudi nyuma na kuacha mkanda mpana wa tope. Tope hilo juu linaonekana limekauka, chini ni uji. Mbwa anazama hadi kifuani, mwenye mbwa anaingia kumtoa, naye anazama hadi magotini, na asubuhi imekwisha.

Mtera isahau. Ni bwawa kubwa na zuri kwa macho, lakini lina mamba na viboko. Hombolo, kilomita arobaini hivi kutoka mjini kwa njia ya Ihumwa, lina nafasi ya kutosha, ila lina shughuli nyingi za uvuvi na kilimo, na suala la kichocho nitalirudia. Mimi napendelea lambo dogo la kijiji, lile ambalo ukisimama upande mmoja unamtambua mtu aliyesimama upande wa pili. Kwa mbwa wa kawaida huhitaji maji mapana kuliko hapo.

Popote utakapochagua, nenda siku moja kabla, na uende bila mbwa. Waulize wenyeji kuhusu mamba na kiboko. Jibu likiwa “wapo”, au hata “walikuwepo zamani”, shukuru, aga, tafuta lambo jingine.

Kisha tembea ukingo mzima kwa miguu. Unatafuta ukingo wenye mteremko wa pole, maji yanayoongeza kina taratibu, na kona au ghuba ndogo mahali fulani. Ghuba hiyo ni mali, utaona sababu yake mbele. Angalia chini pia: miiba ya migunga, mbigili, chupa zilizovunjika, vipande vya waya. Tembea na mfuko, okota unachoweza. Tazama rangi ya maji. Ukikuta utando wa kijani kama rangi iliyomwagika juu ya maji, hasa kwenye kona ambayo upepo umeusukumia, hapo mbwa asiingie wala asinywe, kwa sababu baadhi ya mwani huo una sumu inayoua mbwa kwa muda mfupi.

Jua na upepo ndivyo vinavyonisumbua kuliko vyote katika kupanga. Mbwa asitazamishwe mashariki asubuhi. Mng'ao wa jua juu ya maji unamziba macho na hataona dami ikianguka. Kwa hiyo unasimama ukingo wa mashariki ukitazama magharibi. Tatizo ni kwamba upepo wa kwetu miezi hiyo hutoka zaidi mashariki na kusini-mashariki, nao unashika nguvu kadiri jua linavyopanda. Ukiwa umesimama hapo, upepo uko mgongoni kwako na kila dami inayoelea itasukumwa mbali nawe. Nikilazimika kuchagua, nachagua jua liwe mgongoni. Tatizo la upepo nalimaliza kwa kutoruhusu dami ielee ovyo: inarushwa iangukie kwenye matete au kwenye ukingo wa pili, ibaki hapohapo. Dami inayoelea katikati ya lambo inamdhulumu mbwa wa nane, maana wakati zamu yake inafika imeshahama mita ishirini, na mtihani wake si ule aliofanya mbwa wa kwanza.

Wenyeji kwanza

Lambo lina wenyewe. Anza kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, na kama kuna kamati ya maji, wahusishe. Eleza idadi ya mbwa, saa mtakayofika na saa mtakayoondoka. Peleka uthibitisho wa chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kila mbwa, na useme wazi kwamba unao. Mzazi mwenye watoto pale kijijini ana haki ya kuuliza.

Usiweke mbwa upande watu wanakochota maji. Hili si la afya peke yake. Wapo watakaotawadhia maji hayo, na mate ya mbwa kwao ni najisi. Hata asiyekuambia kitu atakuwa ameumia. Omba uonyeshwe upande ambao ng'ombe hunyweshwa, ufanye kazi huko, na uondoke kabla ng'ombe hawajafika. Wafugaji wengi hufikisha mifugo majini jua likishapanda. Uliza saa yao, uiheshimu. Kundi la ng'ombe wenye kiu na mbwa saba waliolowa havikai ukingo mmoja.

Halafu watafute wavuvi. Wavu wa kutega ndio hatari namba moja kwa mbwa anayeogelea, kuliko mamba ambaye pengine hayupo. Uzi wake hauonekani, mbwa anaingiza mguu wa mbele, anajipindua, anazama. Mazungumzo yenyewe ni mafupi:

“Mbukwa mzee, shikamoo.”

“Marahaba. Hao mbwa wenu wanavua samaki?”

“Hapana mzee, wanaokota tu tunachorusha. Tulitaka kujua nyavu zenu mmetega wapi kesho tusiziharibu.”

“Ule upande wa matete mazito, kuanzia kisiki kile mpaka kwenye jiwe. Huku wazi hatutegi.”

Usiishie hapo. Mwombe atembee nawe akuonyeshe kwa kidole, na uchomeke vijiti vyenye kitambaa chekundu kwenye mipaka. Mtu huyohuyo ndiye wa kumlipa awe na mtumbwi wake majini asubuhi ya mashindano, akiwa na kisu kikali. Malipo hayo usiyabane. Yeye ndiye bima yenu.

Vifaa

Dami nzuri hutengenezwa nyumbani. Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, ifunge vizuri, izungushie vipande vya godoro chakavu, kisha ishonee kitambaa cha turubai. Iwe na urefu wa sentimita thelathini hivi na unene ambao mdomo wa mbwa unaushika bila kupanuka sana. Mbwa anayeogelea huku mdomo umeachama kwa sababu ya dami nene anameza maji njia nzima. Shonea kamba fupi ncha moja ya kurushia, urefu wa kiganja, isije ikamnasa.

Rangi ni muhimu. Macho ya mbwa huona vizuri bluu na njano, lakini nyekundu na ya machungwa kwake ni kahawia hafifu inayopotelea kwenye majani. Basi dami za kuonekana ziwe nyeupe, au nusu nyeupe nusu nyeusi. Dami za kufichwa ziwe za rangi ya machungwa: wewe unaiona kutoka mbali, mbwa haioni mpaka aifikie. Tengeneza nyingi. Mbwa nane kwa dami tatu tatu, pamoja na zitakazolowa na kuwa nzito, unahitaji zaidi ya dazeni mbili.

Vingine: filimbi kwa kila mwongoza mbwa, mbao za kugonganisha jozi mbili, gambuti kwa kila atakayekanyaga maji, taulo za zamani, ndoo na maji safi ya kunywa ya mbwa kutoka nyumbani, turubai la kivuli, karatasi na penseli za mwamuzi (kalamu ya wino ikilowa, kazi imepotea), sanduku la huduma ya kwanza, na gari moja ambalo halizibiwi njia na jingine. Shati jeupe au la rangi ya mwanga kwa kila mwongoza mbwa. Ukisimama mbele ya vichaka vya kahawia umevaa shati la kahawia, mbwa aliye majini mita hamsini hauoni mkono wako.

Watu

Waamuzi wawili ni bora kuliko mmoja, na wasiwe na mbwa kwenye mashindano. Warushaji wawili wenye mkono mzuri. Katibu mmoja wa kuita majina na kusogeza foleni, awe mtu anayeweza kumkatiza mkubwa kwa adabu. Na mwenye mtumbwi. Mbwa sita hadi kumi wanatosha. Wakizidi hapo jua litawashinda, maana kipimo kimoja cha dami mbili kinachukua dakika tano hadi nane kwa mbwa mmoja.

Kupanga vipimo

Hapa ndipo siku inaharibika au inapona, na ndipo ninapotaka ukae muda mrefu.

Tazama mstari kati ya mbwa alipokaa na dami inapoangukia. Mstari ukigonga maji uso kwa uso, kama herufi T, mbwa hana sababu ya kufikiri njia nyingine. Ataingia tu. Mstari ukigonga maji kwa mshazari, au ukipita karibu na ile ghuba, mbwa ana njia mbili: kuogelea mita arobaini, au kukimbia ukingoni mita sabini na kuogelea kumi. Mbwa mwenye akili ambaye hakufundishwa atakimbia. Hiyo ndiyo dhambi kubwa ya mashindano ya majini, kuzunguka ukingo, na wengi hawaelewi kwa nini iwe kosa ikiwa mbwa kafika. Sababu ni kwamba anayezunguka anaipoteza alama ya pale kitu kilipoanguka. Bata aliyejeruhiwa hakusubiri, ameshaingia matetini. Na kwa dami iliyofichwa, mbwa anayechagua njia yake mwenyewe hawezi kuelekezwa kabisa.

Kwa hiyo kadiri unavyotaka kipimo kiwe kigumu, usiongeze umbali kwanza. Ongeza mshazari. Mita thelathini kwa mshazari mkali ni ngumu kuliko mita themanini uso kwa uso.

Kipimo cha kwanza kiwe dami moja, uso kwa uso, mita thelathini hadi arobaini, ianguke kwenye ukingo wa matete mbwa akiiona na kuisikia ikipiga maji. Lengo ni kila mbwa afaulu na mwamuzi azoee mkono wake. Usimwumize mtu saa moja asubuhi.

Kipimo cha pili ni dami mbili. Mrushaji wa mbali anatupa kwanza, wa karibu anafuata. Mbwa kwa kawaida atakwenda kwenye ile iliyoanguka mwisho, kisha inambidi aikumbuke ya kwanza. Hiyo ndiyo dami ya kumbukumbu na ndiyo yenye alama nyingi. Achanisha mistari miwili vya kutosha, nyuzi sitini hivi kwa mbwa wachanga. Ikiwa karibu karibu, mbwa atarudi pale alipookota ya kwanza, atazunguka hapo akitafuta kisichokuwepo, na hutajua kama amesahau au mmempanga vibaya. Ya kumbukumbu uiweke nchi kavu ng'ambo ya maji, hatua tano sita kutoka ukingoni. Mbwa wengi wakishagusa ardhi wanadhani wamefika, wanaanza kunusa palepale. Mbwa mzuri anatoka majini na kuendelea na safari yake kana kwamba maji hayakuwepo.

Kipimo cha tatu, kwa watakaofuzu, ni dami iliyofichwa. Mbwa akiwa ndani ya gari, mtu anaivusha kwa mtumbwi na kuilaza ukingo wa pili. Mwongoza mbwa anajua ilipo, mbwa hajui. Anatumwa kwa mstari, akipinda anapigiwa filimbi mlio mmoja, anageuka majini kumtazama bwana wake, anapewa mkono: kushoto, kulia, au nyuma. Hapo sasa lete ile ghuba. Mstari upite mita tatu tu kutoka kwenye ncha yake, upande wa maji. Simama na utazame uso wa mbwa anapoifikia. Masikio yanasogea, kichwa kinageuka kidogo kuelekea nchi kavu, mkono wa mbele wa upande huo unavuta zaidi. Ni sekunde moja. Mwongoza mbwa mzuri anapiga filimbi katika sekunde hiyo, kabla mwili haujakifuata kichwa. Anayesubiri mpaka mbwa akanyage ardhi amechelewa, na atatumia filimbi nne kurekebisha ambacho moja ingezuia.

Ukishapanga, jaribu. Chukua mbwa asiyeshindana, umpitishe kwenye kipimo chote mbele ya washindani wote. Utagundua mrushaji anazibwa na kichaka, au dami inadunda na kuingia shimoni. Rekebisha wakati huo, maana mbwa wa kwanza akishapita hakuna kubadilisha tena.

Asubuhi yenyewe

Fikeni saa 12 alfajiri, kabla jua halijatoka vizuri. Mbwa watembezwe kwa kamba mbali na maji wajisaidie. Kura ya zamu ipigwe mbele ya wote. Mbwa wa kwanza anakutana na ukingo usio na harufu wala nyayo. Wa mwisho anakuta ukingo umelowa na harufu za wenzake zimechora njia. Kwa hiyo kipimo cha pili kisianze na mbwa yuleyule. Anzia katikati ya orodha.

Saa 12:45 kipimo cha kwanza kianze. Mbwa anafika kwenye alama ya kuanzia, kamba na mkanda wa shingoni vinavuliwa. Hii ni kanuni na pia ni usalama, kwa sababu mkanda hunasa kwenye vijiti vya chini ya maji. Anakaa. Mwongozaji hamshiki, hamgusi. Mwamuzi anainua mkono, mrushaji anagonganisha mbao, dami inapaa na kuanguka. Mbwa anatulia. Mwamuzi anaita namba yake, ndipo mwongozaji anamtuma. Mbwa aliyechomoka kabla ya namba kuitwa ameondolewa, hata kama ndiye mzuri kuliko wote. Usibembelezwe. Ukimsamehe mmoja, asubuhi yote itakuwa kesi.

Mbwa mwenzake, aliyemaliza kabla yake, anakaa pembeni akitazama bila kwenda. Kwa wengi hii ni ngumu kuliko kuogelea.

Anaporudi, angalia pale anapotoka majini. Mwili umelowa, unataka kujikung'uta, na mbwa hawezi kujikung'uta vizuri akiwa na kitu mdomoni, basi anakiweka chini kwanza. Kwa dami ni kosa dogo. Kwa bata aliye hai ndiyo chakula kimeruka. Dawa yake ni ya mazoezini: msogelee hadi miguu yako iguse maji, uipokee dami kabla hajajikung'uta, kisha kila wiki rudi nyuma hatua moja.

Katibu ahakikishe mbwa anayefuata yuko tayari hatua ishirini nyuma, mgongo ukiwa umeelekea maji. Kipimo cha kwanza na cha pili viishe saa 3 asubuhi. Waamuzi wasome majina ya wanaoendelea, bila hotuba. Cha tatu kimalizike saa 4, na hapo mbwa wote watoke majini moja kwa moja.

Kuamua

Mwamuzi asiandike “vizuri” au “wastani”. Achore. Kwa kila mbwa, kabla hajatumwa, kwenye karatasi kuwe na ukingo, mahali pa kuanzia na dami zilipo. Mbwa akienda, penseli inaenda naye: mstari ukinyooka umenyooka, akizunguka unazunguka, akitafuta kwa kuhangaika unachora mahangaiko hayo. Filimbi iliyotiiwa iwe nukta; iliyopuuzwa iwe msalaba. Mwisho wa siku unaweka karatasi nane mezani na mshindi anaonekana hata kwa mtu ambaye hakuwepo. Mwenye mbwa akija kulalamika, na atakuja, humjibu kwa maneno. Unamwonyesha mchoro.

Makosa yanayomtoa mbwa ni kuchomoka, kukataa kuingia majini, kurudi mtupu, kuiacha dami aliyookota na kufuata nyingine, na kuuma hadi kutoboa. Kuzunguka ukingo kunapunguza alama nyingi, na kwa mbwa wakubwa mimi ningemtoa. Kubweka na kulia wakati wa kusubiri kunapunguza kidogo mara ya kwanza, zaidi mara ya pili. Mwongozaji anayepiga kelele na kupunga mikono kwa dami ambayo mbwa aliiona mwenyewe apunguziwe pia. Amekiri kwamba mbwa wake hakumbuki.

Afya

Joto la mwili wa mbwa mzima ni nyuzi 38 hadi 39.2. Likivuka 40.5 mpo kwenye hatari, na usidhani maji yanamwokoa: mbwa hupata joto kali kwenye foleni, ndani ya gari lililofungwa, akisubiri. Akihema kwa nguvu, ulimi mpana na ute mzito, akayumba, mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na safari ya kwa daktari wa mifugo ianze wakati mnaendelea kumpoza.

Mbwa aliyemeza maji mengi anatapika, anadondosha mate, anayumba na tumbo linajaa. Hiyo nayo ni dharura. Kinga yake ni mizunguko mifupi na kupumzika katikati.

Kichocho ni cha watu zaidi. Konokono wake hukaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, na vimelea hutoka kwa wingi jua likiwa juu, kuanzia katikati ya asubuhi hadi alasiri. Hiyo ni sababu nyingine ya kumaliza saa 4. Warushaji na waongozaji wavae gambuti, na atakayelowa ajifute kwa taulo mara moja, asiache maji yakaukie mwilini.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni lazima. Muulize daktari pia kuhusu ya leptospira, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa panya na mifugo kwenye maji yaliyotuama. Ni ileile homa ya mgunda iliyosumbua Lindi mwaka 2022, na mbwa hupata na kuwapa watu.

Na zabibu. Tuko Dodoma, mtu atakuja na ndoo ya zabibu kutoka shambani kuwakaribisha wageni, na mtoto atamrushia mbwa. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuharibu figo za mbwa, wakati mwingine hata chache tu. Ndoo ikae ndani ya gari la watu. Tuzo ya mbwa iwe kipande cha nyama.

Baada ya hapo

Hesabu dami kabla hamjaondoka. Plastiki na turubai vikibaki lamboni, ng'ombe atavitafuna. Ng'oeni vijiti vya alama, mkabidhi lambo kwa aliyewapokea, mmlipe mwenye mtumbwi papo hapo.

Mbwa asuuzwe kwa maji safi, afutwe, na masikio yakaushwe kwa kitambaa laini, maana Labrador ana masikio yaliyofunika na maji yakibaki ndani huoza. Kagua katikati ya vidole kwa mbigili, kwapani na nyuma ya masikio kwa kupe, ndani ya pua na midomo kwa ruba. Asile chakula kizito mpaka kupumua kutulie.

Kesho yake asubuhi tazama mkia. Ukikuta umelegea kuanzia kwenye shina, hauinuki hata anapokuona na sahani, haujavunjika. Misuli ya mkia imechoka kwa kuogelea, hasa kwa mbwa ambaye hakufanyishwa mazoezi wiki za nyuma. Hupona kwa siku chache za kupumzika. Akilia unapomgusa, daktari ampe dawa ya maumivu. Usimpe ya kwako ya kabatini, kwani dawa nyingi za maumivu za binadamu ni sumu kwa mbwa. Na majini asirudi mpaka mkia uwe unatikisika wenyewe.